Sarafu za Fedha za Zamani na Namna ya Kuzihifadhi

Katika nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Kerugoya na Sagana mna mkebe mdogo usiofunguliwa ila mara chache. Pengine umewekwa chini ya nguo katika sanduku la bati, pengine juu ya dari karibu na moshi wa jiko, na pengine, kama walivyofanya watu wengi siku za hofu, umefukiwa nje chini ya mti. Ndani yake mna sarafu ambazo hazinunui kitu dukani tena: rupia zenye sura ya mfalme mwenye taji, shilingi zenye simba mbele ya milima, na mara moja moja sarafu kubwa, nzito, yenye sura ya mwanamke mnene mwenye ushungi. Mwenye mkebe akifariki, wanawe huufungua, na jambo la kwanza waonalo ni kwamba sarafu zimekuwa nyeusi. Jambo la pili, aghalabu siku hiyo hiyo, ni kuleta majivu na kitambaa na kuanza kuzisugua.

Hasara kubwa huletwa na jambo hilo la pili, wala si la kwanza. Weusi juu ya fedha ni ngozi nyembamba iliyojijenga polepole kwa miaka mingi, na chini yake maandishi ya sarafu yaweza kuwa yamesalimika kabisa. Kusugua huondoa ngozi hiyo pamoja na fedha yenyewe, na fedha iliyoondoka kwa kusuguliwa hairudi. Sarafu iliyolala gizani miaka mia bila kupoteza herufi hata moja yaweza, kwa muda wa dakika tano, kupoteza nywele za mfalme, makucha ya simba, na sehemu kubwa ya bei ambayo mkusanyaji angelipa.

Sarafu hizo ni zipi

Kabla ya kujua namna ya kuitunza sarafu, yafaa mtu ajue ana sarafu gani mkononi, maana si zote zilizo na fedha sawa, wala haziharibiki kwa njia moja.

Kabla ya mwaka 1920 pesa zilizotumika katika nchi iitwayo leo Kenya zilikuwa rupia za Bara Hindi. Ndizo walizolipwa wafanyakazi wa Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na ndizo zilizotakiwa katika kodi ya nyumba. Rupia ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 12 za madini yake, 11 ni fedha safi. Ziko pia rupia zilizotengenezwa kwa jina la Mombasa mwaka 1888, kwa amri ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, zikapigwa chapa mjini Birmingham. Uzito wake ni ule ule wa rupia ya Bara Hindi. Walakini wakusanyaji huitafuta rupia ya Mombasa kwa bidii zaidi, na mtu asiyesoma maandishi yake huenda akaiuza kwa kipimo cha mizani kana kwamba ni chuma chakavu.

Mwaka 1920 rupia iliondolewa, ikaja florini, nayo haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi. Florini ilikuwa na uzito sawa na rupia, ila nusu yake tu ndiyo fedha. Shilingi ilipungua zaidi. Ile iliyotolewa tangu mwaka 1921 ina uzito wa gramu 7.78 hivi, na katika sehemu nne za madini yake sehemu moja tu ni fedha, na nyingi ya zile tatu ni shaba nyekundu. Kadhalika senti 50, ambayo watu wengi waliiita thumni. Hali hiyo iliendelea mpaka sarafu za mwaka 1946. Tangu mwaka 1948 shilingi haikuwa na fedha hata kidogo. Ilikuwa shaba iliyochanganywa na nikeli, na rangi yake nyeupe imewadanganya wengi.

Iko alama nyepesi ya kuzitambua. Shilingi za Mfalme George wa Sita zilizo na fedha huwa na herufi IND IMP karibu na kichwa cha mfalme, ambazo maana yake ni kwamba yeye ni Kaisari wa Bara Hindi. Bara Hindi ilipopata uhuru mwaka 1947 cheo hicho kilikoma, na shilingi zilizofuata hazina herufi hizo, wala hazina fedha.

Watu wa upande wa Nyeri wana sababu yao ya kuziweka shilingi za mfalme huyo. Habari ya kifo chake, tarehe 6 Februari 1952, ilimfikia binti yake Elizabeth katika Nyumba ya Sagana karibu na Kiganjo, nyumba ambayo Kenya ilikuwa imempa zawadi ya arusi, na ambayo sasa ni moja ya nyumba za Rais. (Nyumba hiyo isichanganywe na mji wa Sagana wenye stesheni ya reli, ulio mbali upande wa chini katika Kirinyaga, ijapokuwa mto Sagana hupita kote kuwili.) Kwa hiyo shilingi ya mwaka 1952 huwekwa na baadhi ya watu kama ukumbusho, na ni ukumbusho mwema, ila mwenye nayo asidhani kwamba ameweka fedha.

Sarafu ile kubwa ya mwanamke mwenye ushungi ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ina gramu 28 na zaidi kidogo, na sehemu tano katika sita ni fedha. Ilitumika Unguja na pwani yote kabla ya rupia, na Uhabeshi kwa muda mrefu zaidi. Askari wa K.A.R. waliopigana na Waitalia huko Uhabeshi mwaka 1940 na 1941 waliikuta ikitumika sokoni, na wengine walirudi nayo nyumbani. Tarehe iliyo juu yake ni 1780, mwaka aliofariki malkia, walakini haifai kuitegemea tarehe hiyo, kwa sababu chapa ile ile imeendelea kupigwa mpaka nyakati zetu. Kwa ajili ya vita hivyo vya Uhabeshi zilipigwa hata Bombay.

Kenya ilitoa shilingi yake yenyewe tarehe 14 Septemba 1966, na shilingi za Afrika ya Mashariki zikaondolewa katika matumizi baadaye. Tangu hapo sarafu hizi zote zina thamani mbili tu: ile ya madini iliyomo, na ile anayoipa mtu azipendaye kwa historia yake. Ya kwanza haiathiriwi sana na weusi. Ya pili ndiyo inayouawa na majivu.

Weusi watoka wapi

Chuma kikikaa katika maji hushika kutu kwa sababu ya hewa na maji. Fedha haishiki kutu ya namna hiyo. Adui yake ni kiberiti, yaani yale madini ya manjano yanayowekwa katika ncha za njiti za kuwashia moto. Kiberiti kidogo sana husafiri katika hewa kama gesi, ile yenye harufu ya yai viza, nacho kikikutana na fedha huungana nayo na kufanya kitu kipya kilicho cheusi. Hewa ikiwa na unyevu, kazi hiyo huenda kwa haraka zaidi.

Weusi hauji mara moja. Mwanzo sarafu hugeuka kuwa manjano kama majani makavu, kisha hudhurungi yenye wekundu, kisha buluu, na mwisho kijivu na nyeusi. Rangi hizo si rangi za kupakwa. Ni mwanga unaochezea ngozi nyembamba sana, kama unavyochezea petroli iliyomwagika juu ya dimbwi barabarani. Wapo wakusanyaji wanaozipenda rangi hizo zilipokuja zenyewe, nao hulipa zaidi kwa sarafu iliyo nazo. Jambo hili huwashangaza watu waliofundishwa tangu utoto kwamba kitu kizuri ni kile kinachong'aa.

Kiberiti hutoka mahali pengi ambapo mtu hapadhanii. Kimo katika mayai na vitunguu. Kimo katika sufu, kwa hiyo sarafu zilizofungwa ndani ya sweta au kipande cha blanketi huwa nyeusi upesi. Kimo katika mpira, kwa kuwa mpira huchemshwa pamoja na kiberiti ili uwe imara; mtu akifunga rupia kumi kwa ukanda wa mpira, baada ya miaka michache ataona mstari mweusi umekatiza uso wa mfalme mahali ukanda ulipogusa. Kimo pia katika magazeti na katika makatoni mengi. Kisanduku cha njiti, ambacho wazee walikipenda kwa kuwa rupia mbili tatu huingia ndani yake vizuri, ni mahali pabaya kuliko pote. Na huko Olkaria karibu na Naivasha, ambako mvuke wa ardhini hutumika kufanya umeme, harufu ya gesi hiyo husikika hewani, na pete ya fedha haikai nyeupe siku nyingi.

Katika wilaya zilizo chini ya Mlima Kenya adui mkubwa ni unyevu. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei, na baada yake huja miezi ya baridi na ukungu, Juni mpaka Agosti, ambapo nguo zilizoanikwa Nyeri huweza kukaa siku mbili bila kukauka. Mkebe wa bati ukipoa usiku kucha kisha ukafunguliwa asubuhi katika jiko lenye mvuke wa chai, hewa ya joto huingia na kuacha umande juu ya sarafu baridi. Mkebe ukifungwa tena, umande huo hubaki humo. Bati lenyewe hushika kutu, na kutu hiyo huacha madoa mekundu.

Shilingi za mwaka 1921 mpaka 1946 zina taabu ya pili. Kwa kuwa sehemu kubwa ni shaba, hushikwa na kutu ya shaba, ile ya kijani ionekanayo kwenye sufuria za zamani. Weusi wa fedha hukaa juu juu, lakini kijani cha shaba huchimba. Ukiiona rangi hiyo pembeni mwa shilingi, ni ishara ya kwamba mahali ilipowekwa pana maji au chumvi, na kwamba yapasa kuihamisha siku hiyo.

Ardhi nayo haifai. Udongo una maji na chumvi za namna nyingi, na udongo wa karibu na boma la ng'ombe una mkojo na samadi, ambavyo ni vikali kwa shaba. Fedha yaweza kustahimili kwa muda mrefu sana: huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata zaidi ya sarafu elfu mbili za fedha zilizofukiwa tangu karne ya 11, ndogo mno, zenye majina ya watawala wa pwani. Lakini zile zilitoka mikononi mwa udongo na kuingia mikononi mwa wataalamu. Mtu wa kawaida akifukua rupia za babu yake haifai azikwangue kwa kisu, maana mahali pengine udongo umeshikamana na madini, na ukiutoa kwa nguvu herufi hutoka nao.

Mfano wa shilingi moja

Chukua mfano huu, ambao ungeweza kutokea katika nyumba yoyote. Kijana anayefanya kazi Nairobi amerudi kwao karibu na Sagana kumwona nyanya yake. Nyanya amemwonyesha mkebe: rupia sita na shilingi chache.

"Cucu, nipe majivu nizing'arishe," asema kijana. "Nikizipeleka Nairobi zikiwa hivi hakuna atakayezitaka."

"Guka wako alinipa zikiwa hivyo hivyo," ajibu nyanya. "Hakuniambia kwamba ni chafu. Jaribu hiyo moja iliyotoboka, nyingine ziache."

Kijana achukua shilingi iliyotobolewa tundu, aisugua kwa majivu na kipande cha gunia. Weusi watoka, na kwa dakika moja shilingi yawa nyeupe. Aendelea kidogo tu, na tazama, shavu la mfalme lageuka kuwa jekundu.

Wekundu huo ni shaba. Katika sarafu yenye fedha kidogo, ngozi ya juu kwa kawaida huwa na fedha nyingi kuliko kiini. Ikisuguliwa huondoka kwanza mahali palipoinuka, yaani shavu, nyusi, na mgongo wa simba. Hakuna dawa ya kuirudisha. Rupia, kwa kuwa karibu yote ni fedha, haitageuka nyekundu. Badala yake itajaa mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, na mnunuzi mwenye kioo cha kukuzia ataiona mara moja.

Majivu si peke yake. Mchanga, waya wa kusugulia sufuria, na dawa ya meno vyote hukwaruza. Dawa ya meno imetengenezwa kwa unga mgumu ili ikwaruze meno, na fedha ni laini kuliko jino. Ndimu, siki, ukwaju na soda ya chupa vina asidi, navyo hula shaba iliyomo. Iko pia njia ya kutia chombo cha fedha katika maji ya moto yenye magadi pamoja na karatasi ya aluminiamu, ambayo hukivuta kiberiti kutoka katika fedha na kukihamishia kwenye aluminiamu. Njia hiyo ni ya kweli, tena yafaa kwa kijiko cha nyumbani. Kwa sarafu huacha uso mweupe uliokufa, usio na mng'ao wake wa asili wala rangi yake ya uzee. Maji ya dawa yauzwayo katika chupa kwa kung'arisha fedha hufanya kazi kwa asidi, na kila mara sarafu inapochovywa hupungua kidogo.

Uchafu uondokao bila madhara

Si kila kilicho juu ya sarafu ni cha kuachwa. Vumbi, udongo mlegevu, jasho na mafuta ya kupikia vyaweza kuondolewa. Sarafu ilazwe katika maji safi ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, iachwe ilowe, kisha isuuzwe katika maji mengine, na mara ya mwisho katika maji yaliyotoneshwa, kama yale ya kuongeza katika betri za magari. Hapa inafaa tahadhari: wauza vipuri huuza pia asidi ya betri, tena chupa zafanana. Soma maandishi yake kabla ya kulipa. Baada ya hayo sarafu ikaushwe kwa kuibonyezabonyeza kati ya vitambaa laini vya pamba, bila kuifuta, na iachwe ikauke kabisa muda wa saa kadhaa.

Iko aina moja ya uchafu ambayo haifai kuchelewa kuiondoa, na hiyo huletwa na plastiki. Mifuko na kurasa nyingi laini za kuwekea sarafu, zinazokunjika kwa urahisi na zenye harufu kama ya koti jipya la mvua, zimetengenezwa kwa plastiki ya PVC. Plastiki hiyo huoza polepole. Mafuta yanayoifanya iwe laini hutoka na kukaa juu ya sarafu, na pamoja nayo hutoka asidi. Baada ya miaka kadhaa sarafu huwa na utelezi wa kijani, nao usipoondolewa huchimba vishimo. Watu wengi walionunua vitabu vizuri vya kuwekea sarafu wakidhani wanazilinda wamepata hasara hii, na inasikitisha zaidi kuliko ile ya majivu, kwa kuwa wao walijitahidi.

Utelezi huo huondolewa kwa asetoni safi. Asetoni haigusi fedha wala weusi wake, huyeyusha mafuta tu. Itiwe katika bakuli la kioo, kwa kuwa plastiki nyingine huyeyuka ndani yake, na kazi hiyo ifanyike nje, mbali na jiko, taa na sigara, kwa sababu mvuke wake hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai badala yake, maana mara nyingi imetiwa manukato na mafuta mengine.

Mahali pa kuziweka

Sarafu ishikwe kwa ukingo wake, kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa kilichotandikwa mezani ili ikianguka isiumie. Kidole kikigusa uso wake huacha chumvi na mafuta, na alama yake, isiyoonekana leo, huonekana baada ya mwaka mmoja, mistari yote ya kidole ikiwa imechorwa kwa rangi ya hudhurungi. Zisichanganywe katika mkebe mmoja zigongane. Rupia ishirini zilizotikiswa njiani kutoka Nyeri mpaka Nairobi zitafika zikiwa na makovu.

Kila moja iwe na nyumba yake. Vitu bora ni vidude vya plastiki ngumu vilivyotengenezwa kwa kipimo cha sarafu, au vibahasha vya polista visivyo na PVC. Asiye na vitu hivyo aweza kutumia kitambaa cha pamba nyeupe kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri bila manukato, au karatasi isiyo na asidi kama ile inayotumiwa kuhifadhia picha. Kisha zote ziingie katika chombo kinachofunga vizuri. Chini ya vyombo vingi vya plastiki pana alama ya pembetatu yenye namba: namba 5 na namba 2 ni salama, namba 3 ndiyo PVC. Kasha la mbao mpya halifai, kwa kuwa mbao na gundi yake hutoa asidi.

Ndani ya chombo hicho itiwe pakiti ndogo ya punje za silika, ambazo hunywa unyevu. Ni zile zipatikanazo bure katika masanduku ya viatu na redio mpya, na watu huzitupa. Hazidumu milele, zikishiba unyevu hubadilishwa. Wengine hutia mchele badala yake. Mchele wa Mwea hauna mfano kwa chakula, lakini ndani ya mkebe wa sarafu huleta vumbi na wadudu.

Chombo kiwekwe katika chumba cha kulala au mahali pengine palipo pakavu, mbali na jiko, ukuta wa nje, na bati la paa ambalo huwa moto mchana na baridi usiku. Kisiwekwe mahali wageni wakionapo. Ndani yake kiwe na karatasi iliyoandikwa kwa penseli: sarafu ni ngapi, za mwaka gani, nani alizipata na kwa kazi gani. Rupia mbili zaweza kufanana kwa kila kitu, ila moja ijulikane kwamba ni mshahara wa mtu fulani aliyefanya kazi ya reli, na nyingine isijulikane chochote. Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni isizibwe tundu lake, maana tundu hilo nalo ni sehemu ya habari zake.

Atakayeamua kuuza azipime kwanza na kuzipiga picha pande zote mbili. Rupia ambayo haikuchakaa sana huwa karibu na gramu 11.66, na fedha haivutwi na sumaku. Ikivutwa, si fedha. Asimruhusu mnunuzi aijaribu kwa tupa au kwa tone la asidi kabla ya kulipa. Na ajue ya kwamba katika Kenya, chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, kitu cha kale kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya mwaka 1895 hakipelekwi nchi za nje bila kibali. Kwa hiyo rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 si kitu cha kutia mfukoni mwa mtalii tu. Sarafu zikifukuliwa shambani, watu wa Makumbusho ya Taifa waarifiwe, zikiwa na udongo wake.

Yatosha kukifungua chombo mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari kabla ya mvua ndefu na mwezi wa Septemba kabla ya mvua fupi, mchana, siku ya jua. Atazamaye atafute rangi ya kijani na utelezi, abadilishe punje za silika, kisha afunge. Zikiwa nyeusi kama zilivyokuwa mwaka uliopita, hakuna kazi ya kufanya.